Pumzi ya Kumsalimia Shangazi Marlène

Jumatatu, 14 Oktoba 2024
Siku mbaya. Nilikuwa namsimulia Kaswera jinsi nilivyovusha lori la saruji pale forodhani Mpondwe bila hata kupandisha sauti. Hadithi ilipofika patamu, akageuza uso akawa anatazama barabara. Kaswera, ninayempenda kuliko kazi yangu ya uwakala! Nikamwuliza kulikoni. Akasema kinywa changu kinanuka. Nikamwambia ni samaki wa sokoni. Akasema leo samaki hawajaja.

Halafu akatoa kubwa zaidi. Shangazi yake, Marlène, anavuka mpaka kutoka Butembo, Kongo, Jumamosi kuja kunitazama. Kwao shangazi akikataa mchumba, hata baba mtu hana la kusema. Nimeogopa sana.

Jumanne, 15 Oktoba
Nimekwenda kwa Saudah, muuguzi wa meno hapa Bwera. Akanichungulia kinywani kama fundi anayetazama injini iliyowashinda wenzake. Akauliza kama nina mswaki. Ninao! Akauliza nautumia lini. Nikasema kila Jumapili, kwenye viatu.

Hakucheka. Akaeleza: nipige mswaki asubuhi na kabla ya kulala, nisugue na ulimi, nipitishe uzi katikati ya meno, nipunguze vitu vya sukari. Tena nirudi Alhamisi aniondoe ukoga. Kazi yote hiyo kwa ajili ya mdomo mmoja! Nimemshukuru kwa heshima. Nilipotoka nikanunua mfuko mzima wa peremende.

Jumatano, 16 Oktoba
Peremende zimeshindwa. Kaswera anasema nanuka vilevile, ila sasa kuna na utamu.

Jirani yangu Semakula, askari polisi, kaniambia bibi yake alisugua meno kwa mkaa maisha yake yote, akazikwa nayo meupe. Haya! Nikasaga mkaa, nikachanganya na chumvi ya Katwe, nikasugua kwa nguvu zote. Kufungua bomba, maji hakuna. Kwa jirani hakuna. Nikaenda kazini nimefumba mdomo. Afande wa kizuizi cha mpakani akadhani nimeficha kitu.

"Fungua mdomo!"

Nikafungua. Hata madereva walishuka kutazama. Célestin, wakala mwenzangu anayemmezea mate Kaswera, alicheka na meno yake yote. Ana meno mengi mno yule, na yote safi. Simpendi.

Ijumaa, 18 Oktoba
Jana sikwenda kwa Saudah. Ya nini, na mimi nimeshapata dawa? Harufu husafiri na pumzi. Nisipopumua, hakuna harufu! Nashangaa madaktari wamesoma miaka yote hiyo bila kuliona hili. Jioni nzima nimefanya mazoezi, uso ndani ya beseni la maji. Naweza kabisa.

Jumamosi, 19 Oktoba
Shangazi Marlène amefika, kitenge kipya, mkoba mkubwa. Nikavuta hewa, nikafunga mdomo, nikamwendea nikitabasamu.

Nilisahau salamu za Wakongo. Paji la uso kwa paji la uso, kushoto, kulia, tena kushoto, bila haraka. Kisha akanishika mikono miwili, uso wake karibu na wangu, akaanza kuuliza habari. Mama hajambo? Nikatikisa kichwa kukubali. Kahawa imezaa? Nikatikisa. Mbuzi wapo? Nikatikisa kwa nguvu. Ndipo akauliza jina la baba yangu. Hilo halitikisiki.

Nikaanguka.

Kuzinduka, niko chini, mdomo wazi, shangazi kainama ananipepea kwa kitenge na kuchungulia ndani. Kaswera alikuwa analia. Nikajua yamekwisha. Shangazi akainuka taratibu.

"Uyu kijana ni muzuri, ana heshima. Ni kinywa tu njo inaomba musaada."

Akanipeleka mwenyewe kwa Saudah, kanishika mkono kama mtoto wa shule. Saudah alikwangua ukoga mpaka nikahisi kinywa kimekuwa kikubwa. Shangazi akatoa mswaki mpya mkobani. Anasema kwake Butembo huwasimamia watoto wote, hakuna anayekwenda kulala bila kusugua. Kisha akatoa hukumu.

"Nitarudia Noeli. Kama nakuta kinywa safi, tutaongea mambo ya mbuzi."

Mbuzi! Mbuzi wa mahari! Nimecheza barabarani mbele ya malori. Kaswera amekaa karibu yangu jioni nzima na hakugeuza uso hata kidogo. Sijawahi kufurahi hivi.

Jumapili, 20 Oktoba
Nimeamka kinywa kikiwa baridi, kitamu, kama maji ya mlimani. Nimemsalimia kila mtu kanisani kwa karibu, hata Célestin.

Nimetafakari kwa utulivu yaliyotokea jana, na kosa langu nimeliona. Nilivuta hewa kidogo mno. Kuanzia leo mazoezi ni kila siku, na beseni kubwa zaidi. Mpaka Noeli nitakuwa tayari kutaja jina la baba, la babu na la ukoo wote kwa pumzi moja.

Mswaki wa shangazi ni mzuri ajabu. Viatu vimeng'aa.