Ombi la Kushushwa kwa Uso Wangu Kutoka Paa la Kikanisa

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Ukarabati wa Kikanisa cha Mawe.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na uso wako ukiwa mahali pake. Wangu mimi hauko.

Mimi ndiye kinyozi wa mkabala na kikanisa, yule ambaye mlango wa duka lake unatazamana na ukuta wa magharibi. Sikuandikii kwa chuki. Wewe ni shahidi kwamba tangu ukarabati uanze, kazi yangu imekuwa kusifu tu. Nilisifu mlipoung'oa ule mti uliokuwa umeota mnarani kama nywele za sikioni. Nilisifu mlipobandua saruji na rangi ya kijani, ambayo kamati iliyowatangulia iliipaka kana kwamba kikanisa ni choo cha shule, mkarudisha chokaa ili mawe yapumue. Yale matao yaliyochongoka, ambayo zamani yalikuwa kama watu waliokunja mabega kwa baridi, sasa yamesimama wima hata anayeyatazama hujikuta naye amenyoosha shingo. Na kwa kinyozi, mtu anayenyoosha shingo ni neema. Vioo vya rangi navyo mmeviosha vikaoshika. Mzee wa kanisa mwenye upara, anayekaa benchi la mbele, kwa mwanga wa vioo hivyo huanza ibada akiwa mwekundu na kuimaliza akiwa zambarau, nasi wa nyuma hujua kwa kichwa chake mahubiri yamefika wapi.

Mpaka hapo sina neno. Neno langu linaanzia kwenye pembe ya paa.

Wewe unajua, lakini naeleza ili wajumbe wengine wasipotee. Waliojenga kikanisa hawakuweka bomba la kushushia maji ya mvua. Walichonga kichwa cha jiwe chenye kinywa wazi, maji ya paa yapite kooni mwake na kutemwa mbali na ukuta. Kichwa cha zamani kilikuwa kimeliwa na mvua kikabaki kama kipande cha sabuni. Ndipo msanifu majengo wenu, dada yule mwenye kofia ya njano, akamwagiza fundi mawe tunayemwita Patasi achonge kipya.

Patasi ni mteja wangu. Kipindi chote cha kuchonga alikuwa akija kunyolewa ndevu, analala kitini na kunikodolea macho kutoka chini. Nilidhani anastaajabia ustadi wangu. Kumbe, Mheshimiwa, alikuwa ananipima.

Siku jukwaa la mafundi lilipobomolewa, mvua ikanyesha, watu wakajibanza barazani kwangu. Mke wangu alikuwa ameniletea chakula. Akainua macho, akakitazama kile kichwa, akanitazama mimi, akakitazama tena. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akashika nguzo. Tangu tumwoze kitinda mimba wetu na nyumba kubaki kimya, sikuwa nimemsikia akicheka namna ile.

"Baba watoto," akasema alipopata pumzi, "wamekupatia hasa!"

Baraza zima likageuka. Hapo ndipo masaibu yangu yalipoanza, nami nayapanga kwa namba yasije yakasukumana.

1. Sura yenyewe. Pua ni yangu, haina mjadala. Masikio ni yangu. Nyusi zimekutana katikati kama zangu. Lakini kinywa kimeachwa wazi kutwa kucha, ilhali mimi ni mtu wa maneno machache. Jambo hili nimewaeleza wateja kwa kirefu, mmoja baada ya mwingine, na waliokuwa na haraka nimewafuata mpaka njia panda ili nimalizie.

2. Kazi yangu. Kioo changu kikubwa kinatazama mlango, kwa hiyo mteja akiketi huona vichwa viwili: changu, na kile kikichungulia juu ya bega langu. Juzi mwalimu mstaafu aliniambia, bila hata kutabasamu, kwamba angependa anyolewe na yule wa nyuma kwa kuwa anasikiliza. Nilikigeuza kioo. Wateja wakagoma mpaka nikakirudisha.

3. Nyumbani. Nikianza kutoa nasaha mezani, mke wangu hufunika sahani yake kwa kiganja na kusema, "Ngoja kwanza, mvua imeanza." Mama mkwe wangu naye, ambaye hakuwa amekanyaga kwetu tangu nilipomwambia ukweli kuhusu wigi lake, alifunga safari makusudi kuja kukiona. Alikitazama kwa utulivu, akanigeukia kwa upole ambao sijawahi kuuona. "Mkwe wangu," akasema, "kumbe una uso mzuri. Ulihitaji umbali tu." Hajaondoka mpaka leo. Asubuhi anakisalimu kile kabla ya kunisalimu mimi.

4. Maji. Mvua ikianza, kina mama hupanga ndoo chini yake, nami nikiwa dukani nasikia, "Leo kinyozi anatema vizuri!" Mashuka ya mtaa mzima yanafuliwa kwa maji yaliyopita kinywani mwangu, wala hakuna aliyeniuliza. Naomba kamati itafute mwanasheria atujibu: kinachotoka kinywani mwa mtu ni mali ya nani?

5. Hili ndilo zito. Kuna fundi cherehani hapa kona, kijana mpole, mwenye kigugumizi tangu utotoni, aliyekuwa akimpenda dada wa duka la dawa na kushindwa hata kuomba panadoli. Siku moja ya mvua alikuwa akikimbia, akateleza, akaketi pwaa chini ya kile kichwa, maji yakamshukia utosini. Dada wa duka la dawa akapita na mwavuli wake. Fundi cherehani akafungua kinywa, na maneno yakatoka yamenyooka kama uzi: "Nakupenda, nataka tuoane, na samahani nimeloa." Yule dada akasema, "Nimekubali, lakini toka hapo kwanza, utaugua."

Toka siku hiyo mtaa umeamini kwamba maji yangu yanafungua ndimi. Wingu likitanda tu, foleni inajipanga: wanaoogopa kuposa, wanakwaya wa sauti ya tatu, mgombea wa uongozi wa mtaa na mpinzani wake. Ningefurahi kama wangeshindwa. Wamefunguka wote! Wanakuja kwangu wamelowa, wanaketi, wanaongea mwanzo mwisho. Mimi, niliyekuwa nikiwahabarisha watu wa mtaa huu, siku hizi nasema "geuka kidogo" basi.

6. Padri. Jumapili iliyopita alihubiri kwamba heri kinywa kitoacho maji kuliko kinywa kitoacho maneno. Sikutajwa. Haikuwa lazima. Benchi zote zilinigeukia, na kile kipara cha mbele, ambacho kilikuwa hakijamaliza hata wekundu, nacho kiligeuka.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba kwa unyenyekevu kichwa kile kishushwe. Ikishindikana, kigeuzwe kitazame kiwanja cha nyuma, kwenye mbuzi, ambao hawana mazoea ya kulinganisha. Ikishindikana, kiwekewe kifuniko. Ikishindikana, niwe napewa taarifa kabla ya kila mvua, nijiandae kisaikolojia. Na ikishindikana kabisa, basi nacho kipewe leseni ya unyozi, tugawane wateja kwa haki.

Msalimie msanifu, mwambie tao la mlango mkuu limetulia kama nyusi za mtu aliyesamehe. Wasalimie wapiga lipu, wakata vioo, na mlinzi anayelala vizuri. Mke wangu anawasalimu. Mama mkwe pia, na amesema msiguse kitu.

Ni mimi, mwenye kuloa kwa niaba yenu,

Kinyozi wa Mkabala.

Nyongeza: Nilikuwa nalamba gundi ya bahasha Patasi alipoingia kunyolewa. Nikamwambia ajiandae, kamati itamwita kuhusu uso wangu. Akauliza, uso upi? Nikamwonyesha kwa wembe. Alicheka, kisha akashika adabu. "Mzee wangu, yule ni mama mkwe wangu. Jumapili anakuja na ukoo mzima kujiona."

Mheshimiwa, nimekaa kwenye kiti cha wateja nikikitazama kile kichwa, na sikujua kwamba mtu anaweza kuondolewa juu ya paa akaumia hivi. Nilipomweleza mke wangu hakucheka. Alinishika mkono, akasema mtaa usiambiwe, wala mama yake.

Basi chukulia yote niliyoandika hapo juu kuwa hayakuandikwa. Nimechunguza nikaona pembe ya kaskazini bado ina bomba la plastiki, jambo la aibu kwa jengo lenye heshima ile. Naambatisha picha zangu mbili, moja ya mbele na moja ya ubavuni. Patasi yuko tayari. Mke wangu naye ameridhia, kwa sharti kwamba huyu mpya achongwe kinywa kikiwa kimefumbwa. Patasi amemweleza kuwa maji hayatapata pa kupita. Mke wangu amejibu kwamba yatafute njia nyingine, kama anavyofanya yeye kila anapotaka kusema neno.