Posa ya Chiungutwa na Breki za Baiskeli

Leo nimeumbuka. Nimeumbuka mchana kweupe, Chiungutwa, mbele ya watu na kuku wao. Lakini msianze kucheka, maana mwisho wake nimeshinda. Niko internet kafe hapa Masasi mjini, nimelipia nusu saa tu, kwa hiyo nipeni masikio.

Mnamjua mpwa wangu Hamisi, mwalimu kule Newala. Anampenda binti mmoja wa huko Chiungutwa anaitwa Zuhura, hali, halali. Na kesho watu wa Lisekese nao wanapeleka posa nyumba hiyohiyo! Kwa hiyo leo ndiyo leo. Kwetu huku posa inasemwa na mjomba wa mvulana, na anayeijibu ni mjomba wa binti. Mjomba wa Hamisi ndiye mimi. (Masikini Hamisi.)

Kazi yangu pia mnaijua. Tangu soko huria liingie, namnunulia tajiri korosho vijijini, kipaza sauti mkononi. Wanunuzi tumekuwa wengi, asiye na mdomo analala njaa. Mdomo ninao. Nikaona posa ni kazi ya kumsukuma mlevi.

Asubuhi tukaondoka, dada yangu Mama Hamisi kapanda kwenye keria ya baiskeli. Njia nzima ananisemesha mgongoni. "Bakari, sikia. Mjomba wa binti anaitwa Mzee Saidi. Ni mwembamba, mpole, fundi baiskeli. Umsikilize, hapendi watu wa maneno mengi." Mimi naitikia, "Naam dada, naam," huku nakariri hotuba yangu. Sikushika hata neno moja, haya kanirudia baadaye. (Nilikuwa nimefika pale pa "tumeona ua kwenye bustani yenu".)

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ilianza kukatika cheni, karibu kabisa na nyumba.

Tukaikokota baiskeli mpaka uani. Kibarazani palikuwa na mzee mwembamba, mikono imejaa grisi, anaziba pancha. Pembeni yake kakaa bwana mmoja mnene, kanzu nyeupe, saa inang'aa. Nikajisemea, mjomba huyo! Mama wa binti akatoka. "Karibuni, hapa ndipo kwetu, na huyu ni..."

"Ahsante mama, tumeshamwona!" Nikamsukumia yule mwembamba baiskeli. "Vipi fundi? Cheni hiyo. Na breki uzikaze."

"Karibu baba, mimi ndiye..."

"Baadaye, fundi. Tuna mazungumzo ya watu wazima." (Mtu ana mvi kichwa kizima! Hata shikamoo sikumpa.)

Dada akanifinya. Nikadhani ananitia moyo.

Nikamwinamia yule mnene. "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba," huku ananishangaa. Nikaanza. Ndugu zangu, niliongea! Nikatoa ua, nikatoa bustani, nikamsifu Hamisi mpaka chaki anazoandikia. Yule mnene akainua mkono mara mbili, nikamwambia, "Nakuja huko huko mzee, usiwe na haraka." Mama wa binti akakohoa. Nikampa pole ya kikohozi, nikaendelea.

Nilipomaliza jasho linanitiririka. "Sasa mzee, tunangoja neno lako."

Akamtazama fundi, kisha akanitazama mimi. "Neno langu? Mimi nimekuja kuzibiwa pancha."

Nyuma ya pazia mtu akaangua kicheko. (Zuhura mwenyewe!) Mama Hamisi akajifunika kanga uso mzima. Yule fundi akajifuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Mzee Saidi ndiye mimi," akasema. "Breki nimekaza."

"Shi... shikamoo mzee."

"Marahaba. Imechelewa, lakini imefika. Sasa kaa, na mimi niseme."

Nikakaa mkekani, mdomo nikaufunga. Roho iliniuma, jamani. Nikiropoka tena, kijana wa watu anamkosa mchumba kwa ajili yangu.

Mzee Saidi akasema, kwa sauti ya chini, bila haraka yoyote. Akaanza na mikorosho yake. Muuzaji mmoja alimletea salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, kumbe kachanganya na majivu. Alitaka kumwuliza, yule bwana hakumpa nafasi, anaongea tu. (Hapo nikatazama miguu yangu.) Akahamia kwa mbuzi wake mkorofi, aliyekula daftari la Zuhura la chuo. Zuhura alilia siku mbili, maana amebakiza mwaka mmoja awe mwalimu na hataki kuuacha. Akarudi kwenye mikorosho, akaenda kwenye mvua, akamrudia mbuzi. Jua likahama kibarazani. Mara tatu neno lilinifika kwenye meno, mara tatu nikalimeza.

Ghafla akanyamaza. "Haya. Nimesema nini?"

Weee! Nikamrudishia yote. Salfa yenye majivu. Mvua. Mbuzi. Daftari. "Na umesema Zuhura amebakiza mwaka mmoja wa chuo na hataki kuuacha." Nikamtazama dada, akatikisa kichwa kukubali. "Amalize, mzee. Hamisi atamngoja."

Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Wamekuja watu wa posa mara mbili kabla yenu. Habari ya huo mwaka niliwaambia wote. Aliyeisikia ni wewe." Akageukia pazia. "Zuhura, unasemaje?"

"Nimekubali, mjomba. Ila aliyetumwa asihutubie siku ya harusi."

Vigelegele! Dada akarusha kanga juu. Watu wa Lisekese kesho waje wanywe chai, waondoke! Hata yule bwana wa pancha akanipa mkono. "Ile hotuba usiitupe," akaninong'oneza. "Na mimi nina binti nyumbani."

Kurudi, dada akapanda keria yake. Kaongea kutoka Chiungutwa mpaka Masasi, yote kuhusu mimi, na zuri halikuwemo hata moja. Nimesikiliza kila neno.

Breki za baiskeli zinashika vizuri sana. Za mdomo ndiyo kwanza zimefungwa leo, kwa hiyo tafadhalini, anayecheka acheke polepole.