Nilivyompatia Twyla Kazi ya Shule

Jumatatu, 6 Mei

Bodi ya shule za wilaya inatafuta wakili. Yule wa Dallas kastaafu. Twyla, binti wa dada yangu, kaomba kazi. Akiikosa atafunga ofisi yake juu ya duka la mbolea ahamie Houston. Nimemwambia atulie, mjomba yupo. Akasema, "Mjomba Lonnie, nakuomba sana, usinisaidie." Maskini, anaona haya. Mimi niliacha shule darasa la tisa, walimu walipoishiwa majibu. Sheria naijua.

Jumatano, 8 Mei

Mbinu imepatikana. Wajumbe ni saba, kura nne zinatosha. Nimewaalika wanne Jumamosi, waje kula kidari cha ng'ombe. Texas nzima hakuna anayefukiza nyama kama mimi. Mwaka wa ukame mbwa wa Oklahoma waliogelea mto wa mpakani kufuata moshi wangu. Jirani Harlan kachungulia juu ya uzio, kauliza nani kafa. Nikamwambia hakualikwa. Akasema afadhali, meno yake bado anayahitaji.

Jumamosi, 11 Mei

Wamekuja wote wanne, akiwemo mwenyekiti mwenyewe, Bi Maurine Tackett. Waliposhiba nikasimama kumsifu Twyla. Nilianzia alipozaliwa. Bi Maurine akauliza binti anatoza kiasi gani, mwenzake akasema hawezi kumshinda yule wa Dallas kwa ughali. Mambo yananyooka! Mara Twyla huyo getini, na bakuli la saladi ya viazi. Akahesabu vichwa. Akapauka.

Akaniuliza kama najua nimefanya nini. Nikamjibu, karamu. Akasema wajumbe wanne kati ya saba wakizungumzia mambo ya shule, hicho ni kikao, na kikao kisichotangazwa kwa umma ni kosa la sheria. Kula wale, mvua na mpira wazungumze, lakini neno "shule" likitoka tena, wabebe sahani zao waende. Bi Maurine akaweka uma chini kama umemchoma. Tukazungumzia mvua. Haijanyesha, kwa hiyo mazungumzo yakaisha mapema.

Harlan alikuwa juu ya ngazi, anapiga picha. Eti anasafisha mfereji wa paa.

Jumatatu, 13 Mei

Kikao cha bodi, ukumbi umejaa. Harlan kaketi mbele na picha zake, anachekelea. Kabla hajaitwa, Twyla akasimama mwenyewe. Akaeleza yote: nyama, wajumbe, maneno yaliyosemwa, mjomba wake. Akawataka wale wanne wasipige kura mpaka suala lake lijadiliwe upya hadharani, mbele ya watu. Likajadiliwa. Harlan akabaki na picha za watu wanaotafuna.

Wale watatu ambao sikuwaalika ndio waliompendekeza. Mmoja kasema wakili anayethubutu kumshtaki mjomba wake hatawaogopa wao. Saba kwa sifuri. Dada yangu kalia, na mimi nikalia kidogo, vumbi tu machoni.

Jumanne, 14 Mei

Mji mzima unampongeza Twyla. Hakuna anayekitaja kidari. Sijali, wenye akili wanajua: bila nyama yangu angesimama kueleza nini?

Kanipigia asubuhi. Kasema ananipenda, na nisiwalishe wajumbe tena maadamu yeye ni wakili wao. Nimemwelewa vizuri. Kosa lilikuwa kubagua. Jumamosi nawaalika wote saba, nina hotuba fupi ya kuhamishia kituo cha basi la shule mbele ya dirisha la Harlan. Wanne walikuwa kikao. Saba ni sherehe.