Uzinduzi wa Programu ya Chumvi Kidogo, Magunga

Chaka, chaka, chaka! Sauti hiyo, Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi ambaye hakuweza kufika, msaidizi wako, machifu, manaibu wao, wachungaji wa makanisa yote, Mzee Abdikarim wa duka la jumla, kina mama wa omena, dagaa wetu wa ziwani, vijana, na wewe uliyekalia kreti ya soda, haijanitoka masikioni tangu nilipomwona mzee mmoja katika hoteli ya hapa Magunga akiletewa samaki na, kabla hajaonja hata pezi, akitikisa chupa ya chumvi mpaka samaki akawa mweupe kama mvi. (Kicheko. Sauti: “Huyo ni Cephas!” Cephas: “Alikuwa hana ladha!”)

Ndipo mimi, kama Mkurugenzi wa Ladha na Afya, nikabuni framework jumuishi, yaani mpango mkuu, ya kupunguza chumvi, soseji, krispi na mchuzi wa paketi kwa asilimia mia moja na nne, baada ya benchmarking ya kina, yaani ziara ya kujilinganisha na wengine, katika soko la mifugo la Ogwedhi, ambako ng'ombe hulamba chumvi kila siku na hatukupata hata mmoja mwenye presha. (Sauti: “Madam, ng'ombe huchinjwa mapema!” Kicheko.) Pointi hiyo iandikwe. Na tafadhali, wageni wa meza kuu, msimalize soseji kabla sijafika kwenye madhara yake. (Meza kuu yaacha kutafuna.)

Naona mama amesimama. Mpeni maikrofoni.

(“Naitwa Monicah, nauza omena. Presha yangu ilikuwa mia mbili, kichwa kinagonga kama kinu. Jacktone, nesi wa disipensari, amekuwa akinipima kila Jumanne, akanikataza mchuzi wa paketi, sasa nalala kama mtoto. Nimesikia framework, madam. Hiyo framework inapima presha?” Makofi marefu.)

Swali zuri sana, mama, na linaonyesha uhamasishaji wangu umezaa matunda. Semeni nami: Chumvi! (“Kidogo!”) Krispi! (Watoto: “Zaidi!”) Moyo! (“Udunde!”)

Basi nawashukuru kwa kuzindua programu ambayo, kwa uwazi ninaosifika nao, kwa sasa ni jina lake na fulana mlizovaa, kwani hati yenyewe itaanza kuandikwa baada ya wekshopu, na tarehe ya wekshopu itapangwa na wekshopu nyingine. Lakini msiseme hatujafanya lolote. Programu haiwezi kukaa bila mratibu, na mratibu hawezi kukaa bila kifaa. Kwa hiyo jana nilitia saini barua ya uhamisho, na leo alfajiri Jacktone, mratibu wetu mpya, ameondoka na mashine yake ya presha kwenda kuketi ofisini kwetu Homa Bay. Mama Monicah, Jumanne usijisumbue kwenda disipensari.