Mwongozo Unaochungulia

Jumatatu, 3 Machi 2025
Ofisi ya ushirika wa kahawa, huku juu Nkoaranga. Intaneti hakuna. Mwongozo wa programu ya vipimo tuliletewa kwenye flash. Leo nimeufungua kwa ndani, nione ulivyoandikwa. Ajabu! Kuna kijiprogramu kinachorekodi kila ukurasa unaosomwa na kila swali linalotafutwa, kisha kinasubiri intaneti kiwapelekee habari waliokitengeneza. Kinasubiri nini huku migombani? Nimekionea huruma. Tena nimekipenda.

Jumanne, 4 Machi
Ijumaa Mzee Abdiel, mwenyekiti wetu, anateua msimamizi wa kompyuta. Ni mimi au Rachel, karani mwenzangu. Basi, penye anwani yao nimeandika barua pepe yangu. Wenzangu walipokwenda kula, nikawasha intaneti ya simu karibu na kompyuta zetu tatu. Habari zimekuja! Hazina majina, lakini ya nini? “Nimefuta vipimo vya Novemba, nifanyeje”, mara kumi na moja. “Umeme unaweza kufuta kazi?”, mara nne. Maskini Rachel. Hata mimi imewahi kunitokea, ila si mara kumi na moja.

Jumatano, 5 Machi
Nimeprinti orodha. Nimempa Mzee shikamoo ya heshima zote, nikamkabidhi, nikasema nafanya hivi kwa uchungu. Akauliza nimejuaje. Nikasema ni utaalamu. Akaikunja, akaitia kwenye koti.

Alhamisi, 6 Machi
Tumeitwa wote wawili. Rachel kasoma orodha bila kukasirika. Akaeleza kwamba kijiprogramu alikiona siku ile ile flash ilipofika, akakifuta kwenye kompyuta yake na ya mapokezi, maana anachosoma mtu ni siri yake. Yangu hakuigusa. Aliniomba mara tatu, nikamwambia asinifundishe kazi. Mzee akanigeukia, akauliza taratibu vipimo vya Novemba viko wapi. Nikasema umeme. Akatazama karatasi, akasema umeme nao umo. Aibu niliyoiona! Maswali yote yale ni yangu.

Jumapili, 9 Machi
Usimamizi kapewa Rachel. Mimi naingiza upya vipimo vya Novemba kutoka kwenye risiti za wakulima, gunia kwa gunia.
Leo kanisani mwalimu wa kwaya ameniomba niwawekee waimbaji nyimbo zote kwenye flash. Rachel anaimba soprano. Nimeongeza vimistari vichache tu vya kile kijiprogramu, nijue huwa anafanyia mazoezi wimbo gani. Nimejaribu mwenyewe kwanza. Nimefungua nyimbo za harusi mara saba. Kinarekodi vizuri sana.