Bi Mdogo na Pete Yake ya Mpira

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa kikosi ametangaza. Kiongozi wetu wa wazamiaji anastaafu, na mrithi wake atachaguliwa Ijumaa, baada ya kukagua wavu wa chuma chini ya bwawa la maji. Tumebaki wawili: mimi na shemeji, kaka wa mke wangu. Miaka yote hii nimezama nyuma yake nikifuata tochi yake na kutazama mapezi ya miguuni mwake. Nimechoka na mapezi!

Mpango ninao. Tochi mpya ya kuzamia, ndogo, ya kufichwa kwenye mkono wa vazi. Kule chini nitaichomoa ghafla na kukimulika kila kitu, shemeji abaki mdomo wazi. Siri isitoke. Nyumba hii kuta zake zina masikio, kwa hiyo tochi nimeipa jina la mafumbo: Bi Mdogo. Hakuna atakayeshtuka.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda dukani. Mwenye duka ni mama mmoja mwenye maneno mengi. Aliniuliza nazama kwenye maji gani, maangavu au ya tope. Nikamjibu maji ni maji. Akasema kwenye tope nichukue tochi yenye mwanga mwembamba unaopenya, kwa sababu mwanga mpana hugonga tope na kukurudia usoni. Akanionesha moja nyeusi, haina sura wala haiba. Muuzaji akikuhimiza sana kitu, ujue kimelala dukani.

Nikachukua yenye mwanga mpana. Aliyekuwa akipita barabarani aligeuka nilipoiwasha!

Bado hakunyamaza. Kwenye kifuniko kuna pete ya mpira, ndiyo inayozuia maji. Eti niifute, niipake grisi yake kidogo, na nijihadhari, unywele mmoja ukinasa pale maji yameshaingia. Unywele! Nikavua kofia nikamwonesha upara wangu. Akasema basi.

Jumatano, 5 Machi

Balaa. Nilijifungia bafuni kuijaribu Bi Mdogo kwenye ndoo. Iliwaka vizuri. Nikaona niisafishe pete kabisa, nikaing'oa kwa uma. Ikakatika.

Nikampigia simu mwenye duka palepale, kwa kunong'ona. Nikamwambia pete ya Bi Mdogo imekatika, nataka nyingine leo hii, laini, inayomkaa sawasawa, na tafadhali mke wangu asijue.

Nilipofungua mlango, mke wangu alikuwa amesimama pale na nguo za kuanika mkononi. Akageuka, akaenda kuanika. Chakula amenitengea, kijiko hakuweka. Nadhani kazi zimemchosha.

Alhamisi, 6 Machi

Pete mpya nimeipata dukani. Nimemvisha Bi Mdogo pale kwenye meza ya vipodozi ya mke wangu, penye kioo na nafasi. Grisi sikuwa nayo, nikatumia mafuta yake ya nywele. Mafuta ni mafuta. Pete inameremeta, inanukia waridi.

Mke wangu alikwenda kwa kaka yake, akarudi macho mekundu. Nikamuuliza, akasema vitunguu. Kwa kaka yake wanapika nini?

Baadaye shemeji akanipigia simu. Kesho tutashuka wawili, kamba moja, na huko chini tutazungumza. Nikacheka, nikamwambia chini ya maji watu hawazungumzi. Yeye hakucheka. Nami nikaacha.

Ijumaa, 7 Machi



Asubuhi, kwenye jukwaa la bwawa, shemeji alinikagulia mtungi wa hewa yeye mwenyewe. Polepole. Alikaza hata nilichokwisha kukaza. Kisha akaninong'oneza, "Ukimchezea dada yangu, umenichezea mimi." Sikuelewa dada anaingiaje kwenye mambo ya wavu. 

Tukashuka. Maji ya kijani yakawa ya kahawia, kisha yakawa giza tu. Tochi yake ilichora mstari mwembamba gizani, na mwisho wa mstari vikaonekana vyuma vya wavu. Saa yangu imefika! Nikamchomoa Bi Mdogo.

Weupe mtupu! Kama niliyetumbukizwa kwenye sufuria ya maziwa. Wavu sikuuona. Mkono wangu sikuuona. Nikageuka huku, nikageuka kule, kamba ikanizunguka mguu na kunasa kwenye chuma. Mwanga ukawa wa manjano, ukapepesa, ukazimika. Nikamtikisa Bi Mdogo. Maji yalikuwa yakicheza ndani yake.

Naandika kwa sababu hakuna anayesoma: niliogopa. Niliona watoto wangu, nikamwona mama yao na kile kijiko ambacho hakukiweka. Hewa nilikuwa naimeza kwa pupa. Ishara ya kuomba msaada hutolewa kwa tochi, na tochi ya kikosi niliiacha jukwaani.

Mkono ukanishika mkanda wa kifuani. Shemeji. Akanimulika usoni, muda mrefu, mrefu mno. Nikajua sasa ndiyo tunazungumza. Kisha akashusha mwanga kwenye mguu wangu, akainasua kamba, akanipandisha taratibu. Hakuniachia hata kidogo.

Juu, kabla sijavua miwani, akaniuliza, "Bi Mdogo ni nani?"

Nikamkabidhi. Akafungua kifuniko, maji yakamwagika. Kwenye pete palikuwa na unywele mrefu mweusi. Akautazama, akakitazama kichwa changu, akakaa chini akacheka mpaka mkuu akadhani kapungukiwa hewa.

Mke wangu hakucheka. Amesema Bi Mdogo atalala nje, na nikimhurumia nimfuate.

Jumamosi, 8 Machi

Kiongozi ni shemeji. Mimi mkuu alitaka kunifukuza, shemeji akaniombea, nimepewa kutunza tochi za kikosi kizima. Nimeguswa sana. Yule mtu ameniokoa mara mbili, na nimeapa kumlipa kwa kazi safi.

Mkuu alianza kunieleza namna ya kuzisuuza, nikamkatiza kwa heshima. Yaliyonikuta nimeyachunguza mwenyewe. Kosa lilikuwa uchafu wa ndani! Wote hawa wanaosha nje tu, miaka nenda miaka rudi, ndani hakuna anayegusa. Kwa hiyo leo nimezifungua zote vifuniko, nikianza na ya shemeji, nikazizamisha kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Betri nimeziacha humohumo, nazo zioge.

Jumatatu wanashuka nazo kwenye lango kuu la maji la bwawa, penye kina kuliko kote. Natamani kuuona uso wa shemeji atakapowasha yake.