Kigari cha Ivy na Namba Yangu

Jumatatu, 10 Machi 2025
Kitale. Mimi ni mwalimu wa historia, ila tangu mwalimu wa fizikia ahamishwe, fizikia ya Kidato cha Tatu nayo ni yangu. Jumamosi tuna mashindano ya sayansi Bungoma. Mukhwana atakuwepo na shule yake. Tulisoma chuo kimoja, na hajaacha kunikumbusha alivyonishinda hesabu. Safari hii atanitambua.

Jumatano, 12 Machi
Ivy wa Kidato cha Tatu ameinamisha ubao wa mita mbili, akaachilia kigari kutoka juu. Kimeanza polepole, kikazidi kukaza mwendo hadi chini. Sekunde mbili. Amerudia mara ishirini! Anasema mchapuko, yaani kasi inavyoongezeka, ni mita moja kwa sekunde, kila sekunde. Moja tu. Nani hupewa kombe kwa moja?

Alhamisi, 13 Machi
Nimefukua daftari langu la Kidato cha Pili. Mchapuko: 9.8. Wino mwekundu kabisa. Maskini Ivy, amekosea. Nimebadilisha namba kwenye bango lake la mashindano. Sijamwambia. Nataka ashtukie tu kombe.

Jumamosi, 15 Machi
Bungoma. Jaji, Madam Sapna, alisoma bango letu mara mbili. Akauliza kwa upole, "Mwalimu, hiki kigari kiliteremka ubaoni ama kilianguka kutoka kwa paa?"

Nikasema ubaoni. Akaeleza kwamba 9.8 ni ya kitu kinachoanguka wima, bila kuzuiliwa. Ivy akafungua daftari lake, akamwonyesha vipimo vyote ishirini. Madam akasema hajaona kazi safi kama hiyo leo, lakini alama hupewa bango. Mukhwana hakucheka. Aliniletea chai. Hiyo iliniuma zaidi.

Tukirudi, Ivy alisema jambo moja tu. "Mwalimu, si ungeniuliza?"

Nikatazama mashamba dirishani hadi tukafika Kitale.

Jumatatu, 17 Machi
Nimempa Ivy barua ya kuomba msamaha. Ameisoma, akaikunja, akaomba ruhusa aache fizikia. Mwanafunzi wangu bora! Nimejuta sana. Nimekaa maabara peke yangu, nikaapa kutochezea namba tena.

Saa nne mkuu wa shule ametaka ripoti ya Bungoma. Shule zilikuwa sita, sisi wa mwisho. Nimeandika kwamba tuliingia sita bora.

Amenishika mkono kwa furaha. Amenipa na fizikia ya Kidato cha Nne.